Moyo Niliouchora kwa Hesabu

Mpaka leo nikipita Nundu navaa kofia na kuishusha hadi kwenye nyusi, na sababu yake afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mpwa wangu Neema alikuwa anaolewa hapa Baraka, na baba mkwe wake, mchungaji wa Nundu, hakutaka picha za projekta ukutani kwenye sherehe mpaka Neema alipomwahidi kwamba hakutaonekana kitu cha aibu. Neema akaja kwangu, mimi niliyepewa kazi ya picha hizo.

"Mujomba, nimesema we ni muntu wa heshima. Usiniangushe."

Mimi (niliyesoma hesabu chuo kikuu na sijapata pa kuionyesha) nilikuwa nimegundua kwamba iko fomula ambayo ukiichora inatoa moyo, na kwamba Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ina maktaba ya kuchorea, yaani amri zilizoandikwa tayari na wengine, inayokuachia uamue unene wa mstari, rangi, hata mstari ujichore wenyewe polepole, basi wiki nzima nikacheza kama mtoto: nikafuta mihimili, ile mistari miwili ya kupimia, na namba zake ili pabaki pasafi, nikaujaza moyo rangi ya chokoleti (ndiyo iliyochaguliwa na kamati), na asubuhi ya harusi, nikiona majina ya maharusi yamebanwa chini, nikabadilisha mipaka ya mhimili wa wima, na ili kuokoa betri sikutazama tena. Kumbe nilitanguliza namba kubwa mahali pa ndogo. Maktaba haikubishana nami. Ilipindua mchoro juu chini, ila maandishi ikayaacha yakisomeka.

Ukumbini nilisimama nikiipa mgongo shuka tuliyoitundika ukutani, mstari ukaanza kujichora.

"Iko nachora nini?" akauliza mama mmoja wa kwaya.

"Pengine ni mikate," mwenzake akasema.

"Tulieni, bamama," nikasema kwa sauti ya profesa. "Hiki njo kitu bwana-harusi alipenda kwa Neema tangu siku ya kwanza."

Hapo rangi ikajaa.

"Basi mutoto wetu hakuficha kitu," akasema shangazi wa bwana-harusi.

Nikageuka. Chini ya majina ya maharusi palikuwa na kile ambacho kila mtu ukumbini amezaliwa nacho na alikuwa amekikalia. Neema alijifunika uso kwa shela. Mchungaji alikuwa amesimama. Nikaipindua kompyuta miguu juu (msiniulize nilisoma chuo gani), picha haikutikisika, nikaipindua projekta yenyewe, moyo ukakaa sawa, ila sasa majina yalikuwa kichwa chini, na ukumbi mzima ukapinda shingo kuyasoma.

Mchungaji naye alipinda yake. Mabega yakamtikisika kwa kicheko alichokizuia, kisha akamgeukia Neema.

"Mujomba wako anasema njo moyo. Basi ni moyo. Ukae, mutoto wangu, tukule."

Tangu hapo sijafuta tena namba kwenye mihimili, wala sionyeshi mchoro ambao sijauangalia. Juzi Neema, aliyejifungua, alinipigia simu kuhusu siku ya kumwombea mtoto.

"Mujomba, baba mkwe anasema ukuje, asipokuona atakasirika. Lakini ukuje mikono mitupu."