Zuleide na shingo inayosubiri mvua

Saa sita na robo mchana. Zuleide Pantoja anakaza uzi wa nne, ule mnene kuliko wote, kidogo kidogo, huku sikio lake la kushoto limelala juu ya shingo ya gitaa kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. Mlangoni pamejaa. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ameacha nyundo yake. Hata redio ya duka la juisi nzito ya açaí imepunguzwa sauti, jambo ambalo hapa mtaani Jurunas hutokea mtu akifa au mpira ukifika penalti.

Uzi unalia, unapanda, unatulia. Mara mbao inatoa mlio mdogo: ki. Zuleide anaganda.

“Hiyo ni gundi,” anasema, bila kumwambia mtu. Kisha, baada ya kitambo: “Nadhani ni gundi.”

Anasogea mlangoni, watu wanampisha, anatazama mbingu. Ni Machi. Mvua itashuka kati ya saa nane na saa tisa, kama jana, kama juzi, na mji mzima wa Belém umeshapangiana miadi kwa kuifuata: wengine kabla ya mvua, wengine baada ya mvua. Zuleide leo ana miadi na mvua yenyewe.

Kilicho juu ya meza yake ni gitaa la besi la umeme, nyuzi nne, alilolichonga kwa mkono kuanzia ubao mpaka kitufe cha sauti. Kiwiliwili kimetoka kwenye mlango wa mwerezi wa nyumba kuukuu iliyobomolewa. Huko hakuna wasiwasi. Wasiwasi wote uko kwenye shingo.

Nyuzi nne zikishakazwa huivuta shingo kwa nguvu ya kumwinua mtu mzima. Kisha unyevu wa mvua unaingia kwenye mbao. Shingo iliyotoka kwenye mbao tulivu huinama kidogo, sawasawa, na ufito wa chuma uliofichwa ndani yake huirudisha. Shingo yenye kinyongo hujisokota, upande mmoja juu, mwingine chini, na hapo hakuna ufito wala maombi yanayosaidia.

Zuleide anaijua shingo yenye kinyongo. Mwaka jana besi aliyomtengenezea mpigaji mmoja wa Marabá ilijisokota. Mpigaji huyo akaipiga picha kwa simu na kuiweka kwenye kundi la wapigaji besi wa jimbo zima. Watu wakacheka wiki mbili. Mmoja aliandika kwamba huyo mama arudi kwao akachonge makasia.

Kwa miezi kumi na moja hakuna aliyemwagiza gitaa. Aliishi kwa milango ya makabati na miguu ya vitanda, reais sitini kwa kipande, wiki nyingine vipande viwili. Hili la leo ndilo agizo la kwanza tangu kicheko kile.

“Likijisokota, kitakachokwisha si gitaa,” anasema. “Ni jina. Kile kibao mlangoni nitaking'oa mwenyewe, sitasubiri mtu anisaidie.”

Neno la makasia lilimchoma kuliko mengine kwa sababu lina ukweli ndani yake. Zuleide, mwenye miaka 49, ni mtoto wa fundi boti wa Abaetetuba. Akiwa na miaka tisa alikuwa akitia kalafati kwenye nyufa za boti, na baba yake alimfundisha kuigonga mbao kwa kifundo cha kidole na kuisikiliza kabla ya kuikata. Alikuja Belém akiwa na miaka 22 kufanya kazi kwenye karakana ya samani. Alipofika thelathini, bendi ya mtaani ikamletea besi iliyovunjika shingo. Akaichongea mpya, ikaimba kuliko ya kiwandani, na ndipo balaa lilipoanza.

Tangu hapo amemaliza besi ishirini na tatu. Kila moja huchukua wiki kumi na huuzwa kwa reais 2,800. Ukitoa mbao, nyaya na sumaku, anasema, hata mwuza supu anampita.

Mwuza supu yuko hapo hapo. Dona Marinalva huuza tacacá mbele ya karakana, ile supu inayotia ganzi midomo, na meza yake nusu iko barabarani, nusu chini ya paa la Zuleide. Hapitwi na habari, na ulimi wake hauna breki.

“Kunipita huwezi, dada,” anasema. “Supu yangu haijawahi kujisokota.”

Fundi viatu anatazama ndala zake. Halafu Zuleide mwenyewe anacheka, na mlango mzima unacheka naye, kwa kupumua zaidi kuliko kwa furaha.

Mwenye besi ni Seu Dico Quaresma, miaka 63, ambaye amepiga besi kwenye bendi za brega, nyimbo za mapenzi za kuchezea dansi, kwa miaka thelathini na minane. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vimekakamaa. Kushika shingo ya besi yake ya zamani, anasema, ni kama kushika goti la mtu. Bendi imemtunzia nafasi mpaka mwisho wa mwezi huu, si zaidi.

Zuleide hakuanza na mbao. Alichonga mpini wa ufagio vipande vitatu vya unene mbalimbali, akamketisha Seu Dico mchana kutwa akivishika huku wakipiga soga. Mzee akachagua chembamba kuliko vyote. Kwa unene huo, nyuma ya ufito wa chuma inabaki mbao ya milimita nne tu.

“Nilimwambia nyembamba hivi ni hatari,” Zuleide anasimulia. “Akanijibu kwamba na vidole vyake ni hatari.”

Mbao ya shingo ni freijó, na ilikaushwa kwa njia ya kwao. Kaka yake, Orivaldo, ana kibanda cha kukaangia unga wa muhogo huko Abaetetuba. Ubao hulazwa kwenye boriti juu ya tanuri, ukanywa joto na moshi miaka miwili. Sharti ni moja: kila mwezi ugeuzwe, kwa sababu moto uko chini tu. Ubao usiogeuzwa hukauka kama samaki aliyechomwa upande mmoja.

Shingo ile ya Marabá na hii ya Seu Dico zimetoka kwenye ubao mmoja. Ni pacha. Aibu ilipotokea, Zuleide alimpigia kaka yake, na kaka akaapa kwa Mama Yetu wa Nazaré kwamba aligeuza kila mwezi. Kaka ni kaka. Basi lawama akaipeleka Marabá: yule bwana analaza gitaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, ndiyo maana. Aliwaambia hivyo watu wote, akaja kuyaamini mwenyewe.

Saa nane kasoro upepo unaanza kuburura makaratasi. Dona Marinalva anaisogeza meza ndani. Meza hiyo ina mguu mfupi, na tangu Januari imeegemea kipande cha mbao alichokiokota sakafuni mwa Zuleide. Anakichomoa na kukitupa juu ya meza ya kazi.

“Chukua mali yako, usije ukasema nakuibia.”

Zuleide anakiokota ili akiweke kando. Hakiweki. Ni kichwa cha ubao ule ule wa freijó, alichokikata kabla ya kupiga randa. Upande mmoja ni mweusi kama tako la sufuria. Upande wa pili ni safi, rangi ya asali. Anakigeuza, anakigeuza tena, kama anayetafuta upande wa tatu.

Agizo la Seu Dico lilipofika, nusu ya ubao iliyobaki aliipiga randa pande zote siku hiyo hiyo. Lilikuwa agizo la kwanza baada ya miezi kumi na moja, na mikono ilikuwa na njaa. Rangi ya moshi hakuitazama.

Anachukua simu na kumpigia Orivaldo, sauti nje, mbele ya watu wote. Orivaldo anaanza na hali ya mama, anapita kwenye bei ya muhogo. Zuleide anamkatiza.

“Kaka, ule ubao uliugeuza?”

“Niliugeuza, dada.”

“Mara ngapi?”

Kwenye simu unasikika mwiko ukikwangua tanuri. Kisha mwiko unanyamaza.

“Mwaka ule nilikuwa na mambo yangu kule Igarapé-Miri,” anasema Orivaldo.

“Mambo hayo yana jina na nywele ndefu,” Dona Marinalva anamnong'oneza fundi viatu, kwa mnong'ono unaosikika mpaka dukani.

“Mara moja,” Orivaldo anasema. “Labda hata moja haikutimia.”

Zuleide anakata simu. Anaketi juu ya boksi la misumari, kipande mapajani, na hapo mvua inashuka yote kwa pamoja, kama iliyokuwa ikingoja ruhusa.

Seu Dico anaingia katikati yake, mfuko wa plastiki kichwani, viatu mkononi. Anauliza kama mtoto amezaliwa. Dona Marinalva anamkonyeza Zuleide. Maana ya jicho lile mtaani inajulikana: nyamaza, huenda ikashika. Zuleide anasimama na kumpa mzee kipande cha mbao mkononi, kisha anamweleza yote, na ya Marabá pia. Akitaka, shingo itafunguliwa skrubu sasa hivi na itatafutwa mbao nyingine. Lakini mwisho wa mwezi hautaiona.

Seu Dico anatazama upande mweusi, anatazama upande wa asali, anatazama vidole vyake.

“Dona Zuleide, hata mimi nimekaushwa upande mmoja,” anasema. “Tuisubiri.”

Kipimo cha Zuleide ni rula ya chuma na karatasi za sigara. Rula hulazwa juu ya shingo, upande wa uzi mnene kisha upande wa uzi mwembamba, na karatasi husukumwa chini yake mpaka zigome. Kabla ya mvua, nyuzi zilipokwisha kukazwa, zilikuwa mbili huku na mbili huku. Mvua inapokatika, saa kumi kasoro, upande mnene zinaingia mbili. Upande mwembamba zinaingia tatu.

Watu wanatawanyika kama waliotoka mazishini.

Ijumaa, baada ya mvua: mbili, na nne.

Usiku wa Ijumaa Zuleide halali. Jumamosi hali chakula. Dona Marinalva anamletea samaki wa kukaanga na bakuli la açaí lenye unga wa muhogo juu yake; samaki anaonjwa, bakuli linasukumwa. Unga huo, anasema, leo haupiti. Mara nne anakwenda mlangoni na kukigusa kibao chenye jina lake, skrubu zake mbili, kama anayepima zitachukua muda gani kutoka.

Mvua ya Jumamosi inachelewa, na hilo ni baya kuliko kuwahi. Inashuka saa tisa na nusu, inapiga paa la bati saa nzima. Ikikatika, mlango umejaa tena. Wamo hata wasiojua besi ni nini.

Upande mnene: mbili. Zuleide anahamisha rula. Ya kwanza inaingia, ya pili, ya tatu, ya nne. Anachukua ya tano. Inagoma.

Anahesabu upya. Anamhesabisha Seu Dico. Anamhesabisha Dona Marinalva, kwa sababu yule, anasema, hana huruma. Mbili na nne, kama jana. Shingo imehama, lakini imesimama.

Jumapili nzima anasugua kwa tupa vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, mpaka vyote vilale usawa mmoja. “Mbao siwezi kuinyoosha,” anasema, jasho likimdondokea kwenye msasa. “Naweza kuvinyoosha vyuma viifuate ilikokwenda.”

Jumatatu asubuhi Seu Dico anachomeka waya. Noti ya kwanza ni ya chini kabisa, na vibuyu vya supu vinatetemeka juu ya meza ya Dona Marinalva. Kidole cha pete kinanyooka, kinafika, kinabana. Mzee anarudia mahali hapo hapo mara sita, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa nyumba mpya. Fundi viatu anacheza na kiatu cha mteja mkononi. Zuleide hachezi. Anatazama shingo.

Mvua ni mpaka Mei, anamwambia mzee. Kisha jua litakuja na mbao itataka kurudi ilikotoka. Kila mwezi gitaa lirudi hapa lipimwe, bure, mpaka mwaka uzunguke. Kwa kawaida huandika jina lake kwa penseli kwenye kitundu kinamoingia kitako cha shingo, mahali pasipoonekana na mtu. Safari hii ameacha patupu.

Kibao cha mlangoni bado kipo. Jumapili ijayo atapanda boti ya asubuhi kwenda Abaetetuba. Juu ya tanuri la Orivaldo kuna mbao mbili nyingine, na amenunua chaki ya kuandika tarehe kila atakapozigeuza, kwa mikono yake mwenyewe, mwezi kwa mwezi. Zikikauka atazipasua vipande vitatu, cha kati akigeuze kichwa chini, avigandishe pamoja, ili kimoja kikitaka kujisokota wenzake wakishike shati.

Shingo ya kwanza itakayotoka humo tayari ina mwenyewe. Jumamosi jioni, karatasi za sigara zikiwa bado mkononi, alimpigia yule bwana wa Marabá na kumwambia kiyoyozi chake hakikuwa na kosa. Bwana akauliza hiyo shingo mpya ataipata lini.

“Miaka miwili,” Zuleide alimjibu. “Ikigeuzwa.”

Seu Dico amelifunga gitaa kwa nailoni dhidi ya mvua ya mchana. Kizingitini anageuka na kuuliza: kama jina halimo ndani, bendi wakitaka kujua fundi ni nani, aseme nini?

Zuleide anafuta tupa yake kwa kitambaa, upande huu, kisha upande huu.

“Waambie ni mimi,” anasema. “Na likijisokota, Seu Dico, waambie pia ni mimi.”