Kukaa na Mgonjwa: Miaka Yangu na Wanafunzi wa Wadi ya Akili

Siku ya kwanza niliyopelekwa wadi ya afya ya akili nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu, na nilikuwa nimemwomba Mungu gari la chuo liharibike njiani. Halikuharibika. Lilitushusha mbele ya jengo refu la mabati mekundu, nyuma kabisa ya hospitali, madirisha yake yakitazama mashamba ya majani chai.

Msimamizi wa wadi, ambaye sote tulimwita Sista Mkuu, alikuwa mama mnene mwenye miwani na sauti ya chini. Alinikuta nimeshikilia daftari kifuani.

"Chelangat, hilo daftari weka mezani," akasema. "Nenda ukae na yule mama pale dirishani."

"Nimuulize nini, Sista?"

"Usimuulize kitu. Kaa."

Mama huyo alikuwa mchuma chai. Hakuwa amesema neno kwa siku nyingi, lakini mikono yake haikutulia. Alichuma blanketi siku nzima kana kwamba ni mchai, majani mawili na chipukizi, kisha akatupa mzigo usioonekana juu ya bega. Nilikaa saa nzima, kisha saa ya pili. Mwishowe aligeuka akanitazama.

"Umekaa vibaya," akasema. "Mgongo utakuuma."

Nilikimbia kumwambia Sista Mkuu kwamba mama ameongea, ingawa hakusema chochote cha maana. Akavua miwani. "Hakusema cha maana? Amekuona, amekupima, amekuhurumia. Sasa chukua daftari uandike hivyo."

Niseme kweli, ndoto yangu ilikuwa ukunga. Nilipohitimu nilifanya kazi ya kuzalisha akina mama kwa miaka kadhaa katika kituo cha afya karibu na kwetu Sotik, na niliipenda. Lakini kila nilipomwona mama aliyejifungua akigeuzia mtoto wake mgongo na kulia bila sababu, wenzangu waliniita mimi. Basi nikarudi chuoni kusomea uuguzi wa akili, na nilipomaliza nikapangiwa wadi ileile ya mabati mekundu. Sista Mkuu alipostaafu, kazi ya kupokea wanafunzi ikaniangukia.

Vijana wa leo huniuliza tuliwafundishaje wanafunzi hao. Walikuja makundi kwa makundi, kila mmoja na kitabu chake cha kuwekewa sahihi, yaani orodha ya ujuzi ambao chuo kilitaka mwanafunzi auonyeshe mbele ya muuguzi. Wiki ya kwanza niliwafundisha mambo madogo. Usivae kitu chochote shingoni. Kaa mahali ambapo wewe na mgonjwa mnaweza kuufikia mlango bila kupitana. Mtu akisikia sauti usizozisikia, usibishane naye wala usimdanganye kwamba nawe unazisikia. Mwulize zinamfanya ajisikieje. Jioni waliandika mazungumzo yao neno kwa neno katika safu tatu: alichosema mgonjwa, nilichosema mimi, nilichohisi. Safu ya tatu ndiyo iliyowatoa jasho.

Jambo moja lilikuwa gumu kuliko yote. Niliwaambia kwamba mkishuku mtu anataka kujiua, mwulizeni waziwazi, kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumpandii mtu wazo hilo. Kunamfungulia mlango. Nililifundisha somo hilo miaka mingi, na siku moja nusura nilisahau mimi mwenyewe.

Mgonjwa alikuwa Bwana Rono, mfugaji na mkulima wa chai wa Chepilat. Ndugu yake alimleta baada ya kuacha kula, kuacha kuongea, na hatimaye kuacha hata kukamua ng'ombe. Daktari wa akili akasema ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayomzima mtu polepole, na Rono akaanzishiwa dawa. Nilimpangia mwanafunzi mmoja awe naye, jina lake Wambui.

Wazazi wa Wambui walikuwa wafanyabiashara Kedowa, watu waliohamia huku kutoka mkoa wa Kati kitambo, si Wakipsigis. Siku ya kwanza alinivuta kando.

"Madam, wazee wa huku wakisikia jina langu wataongea na mimi kweli?"

"Kikipsigis unakijua?"

"Cha sokoni tu. Cha kuuza viazi."

"Kitatosha."

Kilitosha. Kwa siku nyingi Rono hakumjibu, lakini Wambui alikaa naye kila asubuhi akimwambia bei za viazi kwa Kikipsigis kilichovunjikavunjika, mpaka siku moja Rono akamsahihisha neno. Kutoka hapo wakawa wanasahihishana.

Kisha asubuhi moja Rono aliamka akiwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu, akala uji wote, akatusalimia mmoja mmoja akitabasamu. Sote tulifurahi. Daktari alimwona, akaandika kwamba anaruhusiwa kwenda nyumbani mchana huo.

Nilikuwa kwenye meza ya dawa Wambui alipokuja.

"Madam, huyu mtu hayuko sawa."

"Yuko sawa kuliko wiki zote."

"Amepeana sweta yake. Na redio."

"Mtu akipata nafuu huwa mkarimu," nikamjibu, nikiendelea na vidonge vyangu.

Hakuondoka. "Pia ameniuliza kama ndugu yake anaweza kuandikiwa ile nambari yake ya mkulima, ya kupeleka majani chai kiwandani na kulipwa. Anaenda nyumbani leo, Madam. Mbona anataka kupatia mtu nambari?"

Niliweka vidonge chini. Nilijua ishara hiyo. Niliwahi kuiandika ubaoni kwa mkono wangu: mtu aliyezama kwenye huzuni akitulia ghafla na kuanza kugawa vitu vyake, angalia sana. Nilikuwa nimeona ndevu zilizonyolewa nikafurahi, basi.

"Twende nikamwulize," nikasema.

"Ni mimi amenizoea, Madam."

Alikuwa na haki. Tulimkuta kwenye benchi la uani, mvua nyepesi ikipita juu ya mashamba. Nilikaa upande mmoja, Wambui upande wa pili.

"Bwana Rono," akasema, na sauti yake haikuyumba, "unafikiria kujiua?"

Rono aliinamia viatu vyake.

"Nilidhani hakuna mtu ataniuliza," akasema. Kisha akalia, na katikati ya kilio akatueleza kwamba siku alikuwa ameshaichagua, siku ambayo nyumba yote ingekuwa sokoni.

Nilimwacha Wambui naye, nikaenda kwa Daktari. Alikuwa mtu mkali, asiyependa kugeuziwa maandishi yake.

"Daktari, Rono asitoke. Ana mpango wa kujiua, amesema mwenyewe. Mimi nilikosea. Aliyeona ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi gani?"

"Wambui."

Alilivuta faili, akakata alichoandika kwa mstari mmoja, akatia sahihi. "Mwambie ripoti aandike yeye. Wewe uisahihishe herufi tu."

Jioni nilimkuta Wambui kwenye stoo ya mashuka, analia. "Na kama ningenyamaza, Madam?"

"Aliyekuwa karibu kunyamaza ni mimi," nikamwambia. "Wewe ulirudia mara ya pili." Nilitafuta kwenye kitabu chake cha sahihi mstari unaofaa kwa ujuzi huo. Haukuwepo, nikauandika pembeni kwa kalamu yangu.

Rono alikaa nasi wiki kadhaa zaidi. Tuliwafundisha mke wake na ndugu yake dalili za kuangalia, tukawatembelea nyumbani Chepilat, na mke wake akatujazia mursik, maziwa yetu ya mgando, mpaka Wambui akaomba kuhurumiwa.

Sasa nimestaafu. Nina chai kidogo, ng'ombe wawili, na mgongo unaouma. Nikiulizwa kazi ile ilinipa nini, husema ilinipa watu wa kujivunia, na baadhi yao walikuwa wagonjwa. Nilikosea mara nyingi. Heri yangu ni kwamba nilifundisha wanafunzi wasioniogopa.

Mwezi uliopita nilikuwa Sotik kununua dawa ya kupe nikasikia salamu ya kwetu, "Chamgei, Sista!" Alikuwa Rono, nywele zimeingia mvi, anashusha mikebe ya maziwa pamoja na binti yake mkubwa.

"Huyu," akamwambia binti, "ni mwalimu wa yule msichana wa Kedowa." Kisha akanigeukia. "Yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia Wambui ni msimamizi wa wadi kaunti nyingine, na naye anapokea wanafunzi.

Rono aliitikia kwa kichwa, akashusha mkebe wa mwisho.

"Mwambie niko," akasema. "Mwambie tu hivyo. Niko."

Nilimpigia Wambui simu palepale kando ya barabara.