Shilingi za Masinde Mpakani Kongo

Dalmas Masinde alikuwa fundi wa breki katika karakana ya reli Nakuru, mtu asiyenunua kitu bila kuuliza bei katika maduka matatu. Hata viazi vya Dundori alivisubiri mpaka jioni, wauzaji walipochoka kubishana.

Mwaka 1957 barua ilimfikia kutoka Beni, Kongo ya Wabelgiji. Dada yake mdogo, Nasimiyu, alikuwa amefiwa na mumewe, seremala Mkongo aliyemwoa hapo Nakuru. Mtoto hawakujaliwa, na shemeji zake walimruhusu arudi kwao. "Kaka, njoo unichukue," aliandika.

Masinde akaomba likizo na pasi ya treni, kisha akatoa shilingi mia mbili za akiba. Benki, karani alimwambia angepata faranga sita na nusu kwa kila shilingi.

"Na bei yenyewe ni ngapi?"

"Saba, mzee. Hiyo nusu ni ya benki."

"Ya kazi gani? Kuhesabu tu?"

Jioni ile rafiki yake Owuor, gadi wa treni, akamchochea zaidi. "Usibadilishe hapa. Mpakani watu wanapata nane."

Kampala, Mhindi mmoja mwenye duka la nguo alimpa saba kamili. Masinde alisimama mbele ya kaunta, noti mkononi, lakini ile nane ilimkaa kichwani. Akashukuru, akatoka, akapanda treni ya Kasese.

Alifika mpakani Jumamosi alasiri. Ofisi ya kubadilisha pesa ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu, na upande wa pili lori la Beni lilikuwa tayari linapakia abiria. Mtu mmoja tu alikuwa na faranga, ameketi kwenye kigoda, sanduku la bati magotini.

"Tano," alisema.

"Tano? Nimekataa saba Kampala!"

"Basi rudi Kampala."

Masinde alienda hatua kumi, akarudi, akaomba sita, akaomba tano na nusu. Yule mtu hakuinua hata macho. Lori likapiga honi. Masinde akatoa zile mia mbili, akapewa faranga elfu moja. Benki ya Nakuru ingempa elfu moja na mia tatu. Hesabu hiyo aliirudia njia nzima, kila lori lilipogonga shimo.

Nasimiyu alikuwa amekonda. Walipomaliza kulia, Masinde akamsimulia yaliyompata mpakani, akakiri kwamba pesa aliyobaki nayo haitoshi nauli ya wawili na mizigo.

"Kwa hiyo faranga mia tatu zimeliwa na mtu wa kigoda," Nasimiyu alisema, "kwa sababu hukutaka kuiachia benki nusu yake."

Aliuza cherehani yake na kitanda, akalipa nauli, na walipofika tena mpakani alikuwa na faranga elfu mbili na mia moja kwenye kitambaa.

Mwenye kigoda alikuwepo. Safari hii alitaka faranga kumi kwa shilingi moja.

"Juzi shilingi yangu ilikuwa tano," Masinde alifoka. "Leo imekuwaje kumi?"

"Juzi ulikuwa unauza shilingi. Leo unanunua."

Masinde akapandisha sauti mpaka askari wa mpakani akageuka. Nasimiyu akamwacha hapo akipigana kwa maneno, akaenda kwa watu waliokuwa wakingoja kuvuka kuelekea Kongo. Mama mmoja alikuwa na madebe matupu.

"Mama, unaenda kununua nini?"

"Mawese."

"Una faranga?"

"Bado. Namngoja huyo wa sanduku amalize na huyo mkali wako."

"Mimi ninazo. Wewe una shilingi. Tubadilishane saba kwa moja, wa katikati asile kitu."

Walitandika leso kwenye majani yaliyokuwa bado na umande, wakahesabu mara mbili. Shilingi mia tatu kamili.

Kwenye treni Masinde alimgeukia dada yake. "Mbona hukuniambia unaenda kufanya hivyo?" aliuliza.

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unagombana."

Nasimiyu alinunua cherehani nyingine Nakuru, akaanza kushona sare za shule kwenye baraza ya Masinde. Kaka mtu alimjengea meza ya kukatia vitambaa bila kuombwa. Lakini majirani walipomwuliza Masinde habari za Kongo, alijibu tu kwamba Beni kuna mvua nyingi, kisha akaingia ndani.