Ikifika Mia Inatulia

Jumanne nilikuwa gereji hapa Eldoret, nangoja kubadilishiwa oili, jamaa mmoja akaingia na gari jekundu la spoti.

"Fundi, injini inamisi, inakatakata. Weka plagi mpya."

"Na kutetemeka?"

"Kidogo, nikishuka mteremko wa Timboroa. Lakini nikikanyaga, spidi ikifika mia, inatulia."

Fundi akaingia chini, akashika propela shafti, kile chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma. Ikacheza kama jino bovu. Akatoka, akapangusa mikono polepole mno.

"Boss, plagi ni kitu kidogo. Hii shafti imebaki na bolti moja. Haikutulia. Ni wewe ulizoea."

Jamaa aliketi juu ya tairi.

Nilimwambia fundi aache oili, aingie kwanza chini ya gari langu. Langu hutulia likifika themanini.