Gesi Isiyowekwa Mfukoni

Mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa saini tarehe 9 Januari 2005. Mume wangu aliusikiliza redioni tukiwa bado katika kambi ya wakimbizi Kenya, akafariki mwezi Agosti mwaka huohuo. Tarehe 3 Machi 2007 nilirudi Juba bila yeye, pamoja na wanangu wawili na mama mkwe wangu, tukaingia katika nyumba ya marehemu kule mtaa wa Juba Na Bari. Magunia yetu tuliyasukuma chini ya vitanda. Hatukuyafungua yote, kwa maana aliyekimbia mara mbili huacha gunia moja limefungwa.

Kwa mila yetu, kaka mkubwa wa marehemu alikuwa na haki ya kunichukua nikaishi kijijini katika boma lake. Alinipa muda, na masharti.

"Soma, shemeji," aliniambia. "Lakini ukianguka mtihani wa mwaka huu, mimi nakuja na gari. Mtu anapanda na mizigo yake."

Nilianza darasa la kwanza nikiwa mke wa mtu, nikikaa dawati moja na watoto wa jirani, na sasa, mwaka 2010, nilikuwa chuoni nikisomea ualimu wa baiolojia. Mwanamke wa namna hiyo hajibizani na gari ambalo halijafika.

Mwezi Oktoba mwalimu wetu, aliyesomea Kampala, alituonyesha picha ya kipande cha ubongo wa panya. Kilikuwa kimetiwa dawa inayozipaka rangi zile seli za neva zenye kimeng'enya kinachotengeneza gesi ya oksidi ya nitriki. Seli nyingi zilibaki hazionekani. Chache, zilizotawanyika, zilikuwa za buluu hadi kwenye ncha za matawi yao. Nilikumbuka asubuhi ile ya kurudi kutoka Kenya, ndani ya ndege, nilipotazama chini nikaona mito ya kinamasi ikigawanyika na kugawanyika tena katika majani, nami sikujua kama nilikuwa macho au naota. Darasa liliendelea, mimi nilikuwa bado juu ya maji yale.

Tulipoambiwa tuchore mahali kimeng'enya kinapokaa, nilichora vifuko vidogo kwenye ncha ya neva, nikavijaza gesi, nikavifunga vizuri. Niliwaza kwamba neva, kama mtu yeyote mwenye akili, huweka akiba.

Mwalimu aliinama juu ya karatasi yangu. "Mama, gesi hii umeifungia mfukoni. Haifungiki. Inapenya kila ukuta."

"Mama bado yuko kambini!" kijana mmoja alisema nyuma yangu. "Hata ubongo wake umefunga mizigo!"

Walicheka, nami nilicheka kidogo, kwa heshima yangu. Mwalimu hakucheka. "Swali hili litakuwepo kwenye mtihani wa mdomo," alisema. "Tafuta kimeng'enya kinakaa wapi, na kwa nini kinakaa hapo."

Jumamosi iliyofuata tulimngojea mgeni, dada yake mama mkwe, aliyekuwa akitoka Bor. Nilitaka kupata muda wa kusoma, kwa hiyo nikaanza kukaanga kahawa mapema.

"Weka chini!" mama mkwe alisema. "Kahawa inakaangwa mgeni akiwa Bor? Unataka anywe harufu ya jana?"

"Mama, nina mtihani."

"Na mimi nina dada. Mtihani hauna miguu, hautakimbia."

Basi tukakaa. Jiko lake la makaa, kama siku zote, lilikuwa ndani ya kizingiti, hatua moja tu kutoka mlangoni, na kikaango kikavu juu ya mapaja yake. Mgeni alipotia mguu ndani, ndipo kikaango kilipowekwa motoni na buni zikamwagwa. Moshi ukapanda, ukapita juu ya ua wa matete, ukapita ndani ya ukuta wa udongo kana kwamba ukuta ni kitambaa. Jirani aliingia bila kuitwa.

"Pua yangu imenileta," alisema, akavuta kigoda.

Nilibaki nimeshika kikombe kitupu. Mwanga wa alasiri ulikuwa wa buluu katika moshi ule, na watu walioketi ndani yake walionekana kama matawi.

Siku ya mtihani nilisimama bila karatasi. Nilisema kwamba sehemu ya kimeng'enya hicho huelea katika majimaji ya seli, lakini nyingine hushikiliwa na protini kwenye utando, hasa katika vichipukizi vya matawi, chini tu ya mlango ambao kalsiamu huingilia. Kalsiamu ikiingia, kimeng'enya huamka, gesi hutengenezwa palepale, nayo huwafikia majirani bila kupita mlangoni.

"Na akiba yake iko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Gesi haina akiba. Ndiyo maana kimeng'enya kinakaa karibu na mlango."

Matokeo yalibandikwa tarehe 10 Desemba. Nilipita. Shemeji alikuwa hajasikia; alifika kesho yake na gari, akasimama uani akitazama kamba ya nguo.

"Magunia yako haya, mbona yako kwenye kamba?"

"Nimeyafua, shemeji. Yote ni matupu. Karibu ndani."

Mguu wake ulipovuka kizingiti, nilimwaga buni kikaangoni. Mama mkwe alikuwa amenipisha kwenye kigoda chake, pale karibu na mlango, na tulipokunywa kikombe cha kwanza jirani alikuwa ameshafika.