Sare ya Zambarau

Raheli, mama Clement, anauza vitunguu sokoni Singida mjini. Ukimkopa usimlipe, atakuvumilia. Ukimsengenya, atakujibu siku hiyo hiyo na mambo yataisha. Lakini usipige kelele mtu anapoimba. Hapo hana simile hata kidogo. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao huko Kinampanda tangu akiwa binti mpaka ndoa ilipomleta mjini, na hadi leo akipita penye mazoezi ya kwaya yoyote husimama na ndoo yake kichwani, asikilize kama sauti ya pili iko mahali pake. Isipokuwepo, huondoka amenuna.

Meza yake imepakana na ya Ritha, mama Ignas, muuza dagaa aliyekulia Mgori. Hao wawili wamekula chakula cha mchana kwenye sahani moja kwa miaka mingi. Raheli alipojifungua mtoto asiye na uhai, Ritha ndiye aliyekaa kando ya kitanda chake hospitalini. Hakujua la kusema, basi akaimba. Aliimba polepole wimbo wa injili wa mwanamama mmoja wa Dodoma, na Raheli, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, akashika sauti ya pili. Wakaumaliza wote wawili wakilia. Tangu siku hiyo wimbo ule ulikuwa wao.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba mwanamama yule wa Dodoma anakuja Singida kufanya tamasha, Raheli alitaka kitu kimoja tu: kuusikia wimbo ule ukiimbwa na mwenyewe, huku Ritha ameketi pembeni yake.

Sasa, wanawake wa huku hawaendi tamashani hivi hivi tu. Huenda kwa kikundi, na kikundi ni sare. Mnachagua kitenge, mnashona, na mlangoni vijana wanaopanga viti wanawakalisha kwa rangi: bluu kule, nyekundu hapa. Asiye na sare hukaa nyuma na watu wa kuokoteza. Raheli na wenzake walikubaliana kitenge cha zambarau kutoka duka la Fareen. Yeye alikishona mapema, akaongeza na marinda mikononi. Mambo mengine ya kikundi yalijadiliwa kwenye simu, katika kundi la wasapu, na kwa kuwa simu ya Raheli ni ile ya vitufe, Ritha ndiye aliyekuwa akimletea habari mezani kila asubuhi. Raheli hakuwahi kuona shida. Ana simu ya nini mtu mwenye rafiki kama Ritha?

Jumapili ile alasiri alifika ukumbini amependeza, na marinda yake yamesimama wima. Akawaona wenzake kwenye safu ya pili kutoka mbele. Wote walikuwa wamevaa kijani.

Kwanza alidhani amekosea watu. Akasogea. Alikuwepo Faith, fundi cherehani wa pale sokoni, walikuwepo na wale wengine wa kikundi, na katikati yao Ritha, kijani kutoka kilemba hadi viatu.

"Jamani, mbona hivi?" aliuliza Raheli.

"Ah, mama Clement!" Ritha alisema, akicheka kicheko kisichokaa vizuri usoni. "Si tulibadilisha? Hukupata habari?"

"Ningeipata wapi, mama Ignas? Si wewe ndiye unayeniletea?"

Ritha akaanza kuweka sawa kilemba ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Kabla hajajibu, kijana wa viti alishafika. "Shikamoo mama. Samahani, hapa ni kijani tu. Wewe twende huku nyuma."

Raheli hakumtazama kijana. Alimtazama Ritha, akingoja neno moja tu: Huyu ni mwenzetu, mwache. Lingetosha. Ritha aligeuza uso akatazama jukwaa, na jukwaani hapakuwa na mtu, ila spika mbili na waya.

Basi akaenda nyuma. Na huko nyuma, Mungu amsamehe, hakukuwa na watu, kulikuwa na adhabu. Kulia kwake mwanamume mmoja aliongea na simu kana kwamba aliyempigia yuko Manyoni na hana simu: "Niko tamashani! Ta-ma-sha-ni! Hapana, ng'ombe usimuuze!" Kushoto mama mmoja alitafuna chipsi kuku, mifupa akiitupia miguuni pa Raheli. Nyuma yake kaka fulani aliimba kila wimbo kwa nguvu kuliko mwimbaji, na nusu ya maneno alikuwa akitunga mwenyewe. Siku nyingine Raheli angekwishawanyamazisha wote watatu kwa mkupuo mmoja. Siku hiyo aliwaacha, mikono mapajani. Alikuwa anaumia, na mtu anayeumia hana nguvu za kugombana na chipsi.

Mwimbaji alipokwenda kupumzika, Faith alikuja nyuma na soda, akampa bila kumtazama machoni.

"Dada Raheli, mimi siwezi kunyamaza. Tulibadilisha makusudi."

"Nimewakosea nini?"

"Mwaka jana ulimwambia mama mchungaji afunge mdomo."

"Alikuwa anapiga soga katikati ya wimbo! Mke wa mchungaji asipojua kunyamaza, atajua nani?"

"Ndiyo, lakini sisi tunakuja kufurahi. Kucheza, kutunza, kupiga vigelegele. Ukiwepo tunakaa kama tuko kwenye mtihani." Faith akashusha sauti. "Ritha ndiye aliyesema tubadilishe rangi. Alisema wewe hutajua, na ukifika utakalishwa nyuma na vijana, sisi hatutakuwa tumekufukuza."

Raheli aliishika ile soda hata hakuifungua. Kama ni Faith aliyepanga, angesema sawa. Kama ni mwingine yeyote, angemtukana sokoni kesho yake na yakaisha. Lakini Ritha alikuwa amekuja mezani kwake kila asubuhi, akala kwenye sahani yake, akamuuliza kuhusu marinda, akayasifu, na moyoni akijua.

Kisha wimbo ukaanza. Raheli aliujua kwenye noti ya kwanza ya kinanda, akainuka. Hakuona kitu. Mbele kulikuwa na msitu wa mikono iliyoinua simu, na mbele ya simu wale wa kijani walikuwa wamesimama juu ya viti wakipunga leso, wakipiga vigelegele mpaka maneno ya wimbo yakamezwa yote. Aliyepiga kwa sauti ya juu kuliko wote alikuwa Ritha. Raheli alijaribu kushika sauti ya pili. Hakuweza. Alichukia wimbo, akamchukia Ritha, akajichukia kwa kutamani Ritha ageuke nyuma angalau mara moja.

Ritha hakugeuka.

Tamasha lilipokwisha watu walitoka nje kupiga picha, jua likiwa bado lipo. Raheli alikuwa ameshafika getini aliposikia anaitwa.

"Mama Clement! Usikasirike bwana, njoo!" Ritha alikuwa anamkimbilia, anahema, jasho usoni, akicheka kile kicheko chake cha siku zote. Moyo wa Raheli uliruka. Alikasirika kwamba umeruka, lakini miguu ilishaanza kurudi, na mkono ulishapanda kichwani kuweka kitambaa sawa.

"Tushikie simu," Ritha alisema, akimwekea simu mkononi. "Tupige moja ya kikundi. Unabonyeza hapa katikati."

Akakimbia kurudi kwa wenzake. Raheli akainua simu. Kwenye kioo walionekana vizuri, kijani kitupu, bega kwa bega, Ritha katikati, meno nje. Raheli alitafuta mahali ambapo yeye angesimama, hakupaona.

"Umepiga?" Ritha aliuliza.

"Bado," alisema Raheli. "Sogeeni kidogo."

Wakasogea. Wakabanana zaidi.