Mahari ya Dada Spana

Afande Lakot alikuja na gomesi, gauni la wanawake la sherehe. Rangi ya chungwa, mabega yamesimama wima, mshipi mpana umefungwa kiunoni mpaka pumzi inatoka kwa zamu. Saa nane mchana, Jumamosi, kwenye kibanda cha video chini ya kilima cha Naguru, Kampala, ambako watu huja na malapa. Nyuma yake alikuwa Konstebo Onen, kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, kamba mpya ya katani imeviringwa begani.

Nafuna alikuwa anajaribu maikrofoni. Moja, mbili. Tatu haikutoka.

"Afande, kwani kuna harusi wapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Harusi iko hapa," Lakot akasema, akakaa benchi la mbele, lile ambalo hakuna mtu mwingine hukalia. "Leo Kapteni analeta mahari. Sisi ni upande wa msichana. Wakwe watukute na fulana?"

"Na wewe Onen, kamba ni ya nini?"

"Ya kupokea ng'ombe, dada. Utapokea ng'ombe na mikono?"

Kibanda kikacheka. Nafuna akacheka pia, kwa sababu asingecheka wangejua. Nyuma aliona gomesi nyingine sita na kanzu ambazo hakuzihesabu. Watu wa kambi ya polisi walikuwa wamevaa kwa ajili ya mchumba ambaye hakuwepo, na aliyewachumbia ni yeye.

Hii ndiyo kazi ya Nafuna, kwa asiyemjua. Jumatatu mpaka Ijumaa yuko Kikuubo, mtaa wa maduka, kwenye duka la jumla la ndoo na mabeseni, anaita wateja kwa lugha nne. Jumamosi anakaa pembeni ya skrini kwa Abdunoor, mwenye kibanda, anapunguza sauti ya Wamarekani na kueleza sinema kwa Kiswahili. Wanaitwa VJ. Wa Kiganda wamejaa mji mzima. Wa Kiswahili ni wachache, na ukitafuta mwanamke utachoka miguu. Baba yake, Cleopas, ni fundi wa friji aliyetoka Webuye, Kenya, kwa hiyo nyumbani kulikuwa na Kiswahili. Mtaani Bukoto kulikuwa na Kiganda. Kiingereza alikiokota kwenye sinema zenyewe, shule aliiacha kidato cha pili na hajawahi kuililia. Wateja wake ni familia za polisi, watu wa kaskazini, Kitgum na Lira na Arua, ambao Kiganda chao kinaishia kwenye bei ya nyanya. Bila Nafuna wangekuwa wanaangalia midomo ikifunguka na kufungika.

Na walichokipenda kuliko vyote ni tamthilia moja ya angani, ambayo Nafuna aliipa jina Chuma Chakavu. Jina la Kiingereza hakuna aliyelikumbuka. Meli kuukuu inazunguka huko juu ikiokota mabaki ya setilaiti zilizokufa. Kuna Kapteni, mkaidi. Kuna fundi wa injini, msichana aliyezaliwa humo humo melini, hana karatasi, hana nchi, kila kituo wanachotua anafukuzwa. Nafuna alimwita Dada Spana na jina likashika.

Vipindi kumi na moja, kisha Wamarekani wakaikata. Watazamaji wachache huko kwao, wakasema. Waliikata katikati ya hadithi, kama mtu anayezima taa watu wakiwa bado mezani. Picha ya mwisho kabisa, Kapteni anapanda chombo kidogo, anaondoka, Dada Spana amebaki mlangoni. Kapteni anamwambia kwamba anaenda kumtafutia pahali pa kuishi. Nafuna akaeleza hivi, kwa sauti nzito ya Kapteni: "Ninaenda kutafuta mahali yako."

Mtu wa Mombasa angesema mahali pako na mambo yangeishia hapo. Kampala hakuna pako. Kampala ni kiti yako, mtoto yako, mahali yako. Halafu kuna ulimi. Ulimi uliokulia Bukoto ukikutana na l na r, unachukua yoyote iliyo karibu. Siku hiyo iliyokuwa karibu ilikuwa r.

Kibanda kizima kilisikia mahari.

Lakot alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Nafuna alidhani wamempenda Kapteni tu. Siku nne baadaye Onen alipita dukani Kikuubo kununua beseni, akamuuliza kwa sura ya kazi kabisa: "Unaonaje, dada? Msichana kama Spana, fundi wa injini, ni ng'ombe ngapi?" Hapo Nafuna akaelewa. Alikuwa na nafasi ya kusema, Onen alikuwa amesimama mbele yake na beseni kichwani. Akasema kumi na mbili.

Tamthilia imekatwa, alijiambia. Nani atakuja kujua.

Miaka sita. Onen akafungua kundi la WhatsApp, Mahari ya Spana, watu mia mbili na zaidi. Walibishana humo kama wabunge. Ng'ombe watakula nini mwezini? Je, mbuzi wanafaa, maana ni wepesi kubeba? Kila mwanaume pale kambini aliyechelewa kwenda kwa wakwe aliitwa Kapteni. Mmoja alitoka lindo Karamoja akaenda moja kwa moja kwa wakwe na ng'ombe wanne, eti amechoka kutukanwa kwa jina la mtu wa sinema.

Kisha kampuni nyingine huko Amerika ikaichukua ile hadithi ikaitengenezea sinema, ya kumalizia. Mashabiki wa huko walikuwa wamepiga kelele miaka yote, kumbe kelele inasaidia. Habari ilipofika kwenye kundi, Onen alituma sauti ya dakika tatu, mbili za mwisho akilia.

Nafuna aliiangalia peke yake Alhamisi, kwenye simu, amekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa nyuma ya duka. Lazima VJ aione kwanza. Ilikuwa nzuri kuliko tamthilia. Dakika ya themanini, Kapteni akarudi, kichwa cheupe. Hana ng'ombe, hana pete. Akamwita Dada Spana mwanangu. Si mpenzi, si bibi. Mwanangu. Akamwambia, nilikuahidi mahali.

Nafuna alisimamisha simu. Hapo hakuna njia ya kuchepuka. Baba anayeleta mahari ya binti yake mwenyewe, ukieleza hivyo mbele ya Waacholi kama Onen, uwe na mlango wa nyuma.

"Danganya," Abdunoor alimshauri Ijumaa. "Sema mahari ilipotea njiani. Anga ni kubwa."

"Na mwanangu?"

"Sema mpenzi. Sauti iko chini, nani atasikia?"

"Onen siku hizi anasikia Kiingereza."

"Onen atakuwa analia."

Nafuna hakuwa anaogopa kupigwa. Kinywa chake kilikuwa kitu pekee ambacho watu wale walikiamini bila kuuliza, hata kuliko redio. Wakijua alinyamaza miaka sita, Jumamosi ijayo wangekaa mbele yake wakijiuliza kila sentensi. VJ ambaye watu wanajiuliza sentensi zake hana kazi, ana kelele tu; na akidanganya tena, ni kelele ile ile.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo Jumamosi pale mbele ya gomesi zile. Abdunoor akazima taa.

Alianza vizuri. Nafuna akianza huwezi kumtoa. Meli ikalipuka upande mmoja akailipua na mdomo, roboti la forodha likadai karatasi akaliwekea sauti ya karani mwenye njaa, Dada Spana akampiga jambazi na bomba la moshi na Nafuna akasema, "Kale ssebo, haya bwana, pokea salamu za Naguru." Watu walikuwa wamesimama. Onen alikuwa ameiweka kamba magotini, anaipapasa.

Dakika ya sabini na tisa, mlango wa meli ukaanza kufunguka. "Anakuja," mtu akanong'ona. Wanawake wa nyuma wakajipanga, wakarekebisha mishipi, mmoja akasafisha koo la vigelegele.

Nafuna akabonyeza kitufe. Picha ikasimama, Kapteni yuko nusu nje nusu ndani.

"Abdunoor, umeme?" sauti ikalalamika.

"Si umeme," Nafuna akasema kwenye maikrofoni. "Ni mimi. Kapteni hajaleta mahari. Hakuahidi mahari. Nilisema mahali, na l, mahali, ulimi ukateleza, mkasikia mengine. Nilijua wiki ile ile. Nikanyamaza."

Kamba ikateleza kutoka magotini kwa Onen.

"Rudia," Onen akasema.

"Nilijua, Onen. Siku ya beseni."

"Siku ya beseni ulisema kumi na mbili."

"Nilisema."

"Mimi nilienda kwenye kundi nikaandika kumi na mbili. Nikasema Nafuna mwenyewe amesema." Akasimama na kanzu yake. "Kuna mtu ameoa kwa sababu ya hii kitu, dada. Ng'ombe wanne."

"Huyo amshukuru Nafuna," mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma. "Ndiye aliyenioa mimi."

Wachache wakacheka, lakini wengi hapana. Mzee mmoja akasema watu wametoka na kanzu kwenye jua kama wajinga. Mwingine akasema azimiwe maiki, aitwe VJ wa Kiganda, heri kutoelewa kuliko kudanganywa. Mkono wa Nafuna ulikuwa juu ya kitufe.

Lakot hakuwa amegeuka wakati wote huo. Alikuwa anamwangalia Kapteni pale skrini.

"Mahali," akasema. "Mahali ya nini?"

"Ya kukaa, Afande. Huyu msichana hana kwao. Kapteni alienda kumtafutia pahali ambapo hakuna mtu atamwambia toka."

"Amepata?"

"Amepata."

Lakot alikuwa amestaafu mwaka uliopita. Miaka thelathini na mbili ya kazi, na kila aliyekuwa mle ndani alijua hesabu yake ya kambi, maana aliitaja kwenye kila msiba: Gulu, Moroto, Masaka, Arua, kisha Naguru mara mbili. Barua ya uhamisho ikija unafunga godoro. Barua ya mwisho ilimpa miezi michache ya kuhama kambini, na alikuwa bado anaulizia kiwanja.

"Mahari inaenda kwa baba," akasema taratibu, bila kuinua sauti. "Mimi nililipiwa, sikuona hata mkia. Hii mahali ni ya nani?"

"Ni yake mwenyewe."

"Kwa jina yake?"

"Kwa jina yake."

Lakot akageuka, akawaangalia watu wa nyuma mmoja mmoja, jinsi alivyokuwa akikagua gwaride. "Nani hapa ako na nyumba kwa jina yake, anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka.

"Basi kaeni chini. Nafuna, washa. Na useme vizuri."

Nafuna akabonyeza. Kapteni akatoka nje ya mlango na kichwa chake cheupe, na Nafuna akamshushia sauti polepole, kila herufi mahali pake. "Mwanangu. Nilikuahidi mahali. Nimekuletea mahali pa kukaa." Pa. Alisema pa, Kiswahili cha baba yake Cleopas, kilimtoka kama kitu kilichokuwa kimehifadhiwa kabatini. Kapteni akampeleka Dada Spana mpaka dirishani, akamwonyesha kituo kidogo kinachozunguka sayari ya kijani, taa zinawaka, mlangoni limeandikwa jina lake. Kisha akampa funguo.

Vigelegele havikuja mara moja. Vilianza kwa yule mke wa ng'ombe wanne, kisha benchi la kati, kisha vikazidi vile vya miaka sita iliyopita. Lakot hakupiga. Alikuwa ameufunika mdomo kwa kitambaa.

Taa zilipowaka, Onen alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Hakuna aliyetoka kwa sababu hakupisha.

"Swali moja," akasema. "Vile vipindi kumi na moja. Kuna nini kingine?"

Nafuna angeweza kusema hakuna.

"Kipindi cha nne. Yule daktari hakufa. Nilikuwa na mafua, alikuwa anaongea sana, nikamuua."

"Tulimchangia rambirambi kambini," Onen akasema.

"Niliona."

"Cha saba?"

"Cha saba niko sawa. Cha tisa, wale hawakuwa Wachina."

Onen akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akarudi ndani, akaketi benchi la pili, akamwambia Abdunoor atafute kipindi cha kwanza, leo hii, hakuna anayeondoka. Abdunoor akaanza kupekua flashi. Nafuna akavuta kiti karibu na maikrofoni na kutangaza masharti: safari hii hataua mtu, na atakayesikia neno asilolielewa anyooshe mkono hapo hapo.

Mikono sita ikanyooka kabla picha haijaanza.